Kabla hujanunua mtoto wa Yorkshire terrier: fuata hizi hatua, pesa itoke mwisho

Habari zenu. Kazi yangu ni kuosha, kuchana na kunyoa mbwa hapa Nairobi, na wengi wanaopanda mezani kwangu ni Yorkie. Naandika hii sababu watu wengi wananipigia simu wakiwa washalipa, mbwa yuko ndani ya boksi, hali chakula, ndio wanaanza kuuliza maswali ambayo yangeulizwa kabla hata ya kutoa shilingi moja. Huyu mbwa ni mzuri jamani, nampenda kweli, lakini anaishi miaka 12 mpaka 15 na ukichagua vibaya hio miaka yote utakuwa mgeni wa kudumu kwa daktari. Kwa hivyo twende taratibu.

Hatua ya 1: Maliza mambo ya nyumbani kwanza

Kama umepanga, mwulize mwenye nyumba au keyateka, na uombe jibu kwa maandishi, hata meseji ya WhatsApp inatosha. Usiseme "ni kadogo hakatasikika". Atasikika. Yorkie ni terrier, jamii ya mbwa wa kuwinda panya, akisikia lifti anabweka, akisikia jirani anatoa funguo anabweka, anaweza kufunzwa apunguze lakini kunyamaza kabisa hapana.

Pili watu unaoishi nao. Kama uko Pwani au familia yenu ni Waislamu ongeeni mapema na kwa heshima, sababu kwa madhehebu ya Shafii chombo kilichorambwa na mbwa kinaoshwa mara 7, moja yake kwa udongo, na huyu si mbwa wa kukaa uani akilinda geti, huyu ni wa ndani, wa kwenye kochi. Usimlete kama sapraizi halafu mama mkwe akaacha kuja kwako.

Watoto nao. Mtoto wa miaka 3 au 4 anambeba mbwa kwa shingo, anamwangusha, na mfupa wa mguu wa mbele wa Yorkie ni mwembamba sana, kuanguka kutoka kochini tu unaweza kuvunjika. Kama watoto wako bado wadogo ningekuambia subiri, au chukua mbwa mwenye mwili mkubwa kidogo. Na kama una mbwa mkubwa wa ulinzi, hata awe mpole namna gani, hawa wawili hawaachwi peke yao.

Hatua ya 2: Jua ni mbwa wa aina gani unayemleta

Watu wanaona ribon kichwani wanadhani ni mwanasesere. Hii mbegu ilitokea kaskazini mwa Uingereza karne ya 19, wafumaji wa nguo kutoka Scotland walihamia Yorkshire na Lancashire kutafuta kazi viwandani wakaja na vijibwa vyao vya kukamata panya, wakazalishwa na wengine wa huko mpaka akapatikana huyu. Anayeitwa baba wa mbegu nzima ni dume mmoja, Huddersfield Ben, aliyezaliwa 1865, na sifa yake nyingine ilikuwa kuua panya kwenye mashindano. Kwa hivyo akiona mjusi ukutani au panya jikoni anabadilika kabisa. Anataka kutembea, kucheza, kufundishwa. Ukitoka saa 12 asubuhi unarudi saa 3 usiku na nyumba haina mtu, tafadhali achana na hili wazo kwa sasa.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kila mwezi, bei ya kununua weka pembeni

Nywele zake zinakua bila kusimama kama za binadamu. Hadondoshi manyoya sana, ndio maana watu wanampenda, lakini ile nywele isiyodondoka inajisokota. Usipomchana kila siku au kila baada ya siku moja, nyuma ya masikio na kwapani panafungana mpaka ngozi inavutwa na inamuuma, nikimpata hivo sina budi kunyoa zote. Weka hesabu ya saluni kila wiki 4 mpaka 6. Kwa walioko Mombasa, Dar na sehemu za joto nashauri mumwache na nywele fupi mwaka mzima, zile ndefu za kugusa sakafu ni za maonyesho.

Meno ndio mahali pengine panapokula pesa kimya kimya. Meno ya utoto ya Yorkie mara nyingi hayadondoki, ya ukubwani yanaota pembeni yake, chakula kinanasa katikati, mdomo unanuka na fizi zinaoza. Akifika miezi 6 au 7 daktari amwangalie, na yaliyobaki yang'olewe. Wengi wanafanya siku ileile ya kumfunga uzazi ili alazwe kwa dawa ya usingizi mara moja tu.

Ongeza chanjo za kila mwaka, dawa ya minyoo, kinga ya kupe, na chakula cha maana. Ugali na omena peke yake haitoshi kwa mtoto wa mbwa anayekua, na unga ulioota ukungu usimpe kabisa, una sumu ya aflatoksini na ini lake haliwezi.

Hatua ya 4: Kimbia neno "teacup"

Hapa nisikilizeni vizuri. Wauzaji wana majina yao, "teacup", "mini", "micro", na kadiri mbwa anavyokuwa mdogo ndivyo bei inavyopanda. Hakuna mbegu inayoitwa hivyo. Viwango vya mbegu vinavyotambulika vinasema Yorkie mkubwa afike kama kilo 3.2, basi, ni mbwa mdogo tayari. Yule wa kilo moja na kitu ukubwani ametokana na kuzalisha vidogo kwa vidogo, au ni mgonjwa, au ni mtoto wa wiki 5 aliyetolewa kwa mamake mapema na wewe unaambiwa ana wiki 10.

Nakwambia kinachotokea kwa hawa. Sukari inashuka mwilini wakikosa kula kwa masaa machache tu, anaanza kuyumba, anatetemeka, anazimia. Utosi unabaki wazi, ukigonga kichwa kidogo ni hatari. Halafu kuna ugonjwa wa ini ambao Yorkie wanajulikana nao kuliko mbwa wengi: mshipa unaobeba damu kutoka matumboni, badala ya kupita ndani ya ini, unapinda pembeni, kwa hivyo sumu zinazotoka kwenye chakula zinaenda mwilini bila kuchujwa. Mtoto wa namna hii hakui, ni mdogo kuliko ndugu zake wote, na akishakula anaonekana kama amelewa, anazubaa, anasukuma kichwa ukutani. Sasa mwone huyo mtoto kwa macho ya muuzaji, "huyu ndio special, kadogo kuliko wote", na wewe unaongeza pesa ili umpate.

Wakikuonyesha watoto wanne, yule mdogo kabisa usimchukue kwa huruma wala kwa urembo. Na kama unataka kujua atafika wapi, wafugaji wengi hukadiria kwa kuchukua uzito wa wiki 12 na kuzidisha kwa 2, kwa hivyo mwenye kilo 1.3 hapo atafika 2.6 au zaidi kidogo. Huyo ni mzuri kabisa.

Hatua ya 5: Muuzaji ni nani

Mtandaoni kumejaa picha za kuibwa. Chukua hio picha uipitishe kwenye Google Lens, ukiikuta kwenye ukurasa wa mtu wa Urusi au Brazil umemaliza kazi. Isipoonekana, mpigie kwa vidio, sio vidio ya kurekodi, mpigie live na umwambie amshike mtoto na mkono mwingine anyooshe vidole vitatu. Tapeli atakwambia kamera imeharibika. Halafu ataomba nusu kwa M-Pesa ya "kubuku", kisha nauli, kisha kreti, kisha kibali, mwisho amekubloku. Mimi msimamo wangu ni mmoja tu, hela haitumwi kabla hujamshika mbwa kwa mikono yako, hata kama mbwa yuko Eldoret na wewe uko Malindi. Panda gari uende, au umtume mtu unayemwamini.

Ukiambiwa "ana pepa" uliza pepa za nani. Kwa Kenya wanaosajili mbwa wa mbegu ni East Africa Kennel Club, cheti kina majina ya baba na mama. Ila cheti kinathibitisha ukoo tu, afya hakithibitishi, usichanganye.

Wa barabarani, wale wanaonyanyuliwa kwenye dirisha la gari, usinunue. Najua roho inauma ukimwona, lakini ukinunua huyo kesho wanaletwa wengine, na wengi wana parvo tayari, ule ugonjwa wa virusi wa kuhara damu.

Hatua ya 6: Nenda kwake, anza na mama

Sharti la kwanza, nimwone mama. Sio picha, mama mwenyewe, akiwa na watoto wake. Ukiambiwa mama yuko shamba au kwa shangazi, ondoka. Ukimwona, angalia ukubwa wake, tabia yake, meno yake, sababu ndio unaona mtoto wako atakavyokuwa. Uliza amezaa mara ngapi na lini mara ya mwisho. Mama aliyekonda, matiti yananing'inia, anajificha chini ya meza, huyo anazalishwa kila anapoingia kwenye joto, na usiipe hio biashara pesa yako. Msikilize pia akivuta pumzi akifurahi: kama anatoa kikohozi kikavu kama mlio wa bata, mrija wake wa hewa ni dhaifu, na hilo watoto wanaweza kurithi.

Sasa mtoto mwenyewe. Rangi kwanza: Yorkie anazaliwa mweusi mwenye kahawia usoni na miguuni, ile bluu ya chuma na dhahabu inakuja taratibu akikua. Mtoto wa wiki 8 mwenye nywele ndefu za kijivu na masikio yamesimama wima, ama umri umedanganywa ama ni mchanganyiko. Masikio kulala wakati huo ni kawaida, yatasimama baadaye.

Mweke chini atembee. Anayeruka mguu mmoja wa nyuma hatua mbili tatu kisha anaendelea kama kawaida, kile kifupa cha goti kinachomoka mahali pake. Pitisha kidole kwenye utosi. Gusa kitovu kama kuna uvimbe wa ngiri. Fungua mdomo, fizi ziwe za waridi na unyevu, zikiwa nyeupe ana minyoo mingi au kupe wamemmaliza damu. Inua mkia, pasiwe na uchafu uliokauka. Puani na machoni pasiwe na usaha. Tumbo lililojaa kama ngoma na mbavu zinaonekana ni minyoo. Piga makofi nyuma yake uone kama anasikia. Halafu omba awekewe chakula ukiwa hapohapo umwone akila, mtoto mgonjwa anaweza kucheza dakika tano kwa ajili ya mgeni lakini kula hawezi kuigiza.

Hatua ya 7: Kitabu cha chanjo

Chanjo ya kwanza hutolewa wiki ya 6 mpaka 8, inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16, na ya kichaa cha mbwa akiwa na miezi 3. Kwenye kitabu tafuta ile stika inayobanduliwa kwenye kichupa cha dawa, tarehe, sahihi na muhuri wa daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Tarehe zilizoandikwa kwa kalamu bila stika hazina maana. Muuzaji anayesema "nilimdunga mwenyewe" pia mwogope, sababu chanjo inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, sasa kama aliibeba mfukoni kwenye matatu mchana kutwa, hapo alidunga maji.

Jiulize na wewe pia: kuna mbwa aliyekufa kwa kuhara damu kwenye kiwanja chenu mwaka huu? Virusi vya parvo vinaweza kukaa kwenye udongo mwaka mzima. Sakafu za simiti osha kwa sabuni kwanza, kisha Jik sehemu 1 kwa maji sehemu 30, iache dakika 10. Udongo hausafishiki hivyo, kwa hivyo huyo mtoto miguu isiguse nje mpaka amalize chanjo.

Hatua ya 8: Siku ya kumchukua

Asiwe chini ya wiki 8, na kwa Yorkie mimi nasema wiki 10 au 12 ni bora zaidi. Andikianeni karatasi, hata ya mkono, kwamba daktari wako akimkuta na ugonjwa ndani ya siku 3 utarudishiwa pesa. Muuzaji mzuri anakubali bila kununa. Omba chakula chake cha wiki moja ili usimbadilishie ghafla.

Njiani beba blanketi na asali kidogo. Nyumbani mpe chakula mara 4 kwa siku, kidogo kidogo, na cha mwisho karibu na muda wa kulala. Ukimkuta amelegea, anatetemeka au anayumba, mpake asali kwenye fizi, usimmiminie kooni atapaliwa, mpe joto na umkimbize hospitali saa hiohio, usisubiri asubuhi.

Kesho yake mpeleke kwa daktari wako, sio wa muuzaji, na akiona anakua vibaya au anazubaa baada ya kula mwombe kipimo cha asidi za nyongo, cha ule ugonjwa wa ini, damu inachukuliwa kabla ya kula na masaa 2 baadaye. Kamba ya kutembelea ifungwe kifuani, sio shingoni. Kupe akionekana usichukue ile dawa ya kuogeshea ng'ombe, inaua watoto wa mbwa, uliza ya uzito wake. Saluni mlete baada ya chanjo ya mwisho, ila mchane kila siku kuanzia sasa, dakika mbili tatu ukiwa umempakata, na umshike vidole vya miguu azoee, maana mbwa asiyezoea kushikwa miguu kumkata kucha ni vita.