Mlonge, saumu na manjano kwa kware wa mayai: pima kwa mzani, usipime kwa kiganja

Siku hizi kila mfugaji wa kware ana jani lake. Mlonge, saumu, manjano, habasoda, mtu akiamka anaangalia jikoni kuna nini anatupia bandani. Nami nilikuwa hivohivo. Mwaka wa kwanza nilitwanga saumu bakuli zima nikachanganya kwenye chakula cha siku mbili, najiona daktari, wiki hiyohiyo mama mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, anayechukua trei kwangu akanipigia simu, "mwanangu leo mayai yako yana nini, nimechemsha manne tu nyumba inanuka kama kuna pilau". Nikazirudisha hela zake na nikanunua mzani mdogo wa jikoni.

Kabla hujagusa jani lolote kagua haya kwanza. Kware anaanza kutaga akiwa na wiki 6 au 7, akishaanza anakula kama gramu 20 mpaka 25 kwa siku, na chakula chake kinatakiwa protini karibu asilimia 20. Hapa ndo wengi tunapoangukia, maana chakula cha kuku wa mayai cha dukani mara nyingi kina 16 au 17, kwa hiyo ongezea dagaa waliosagwa au uduvi (uduvi ukiwa wa chumvi uoshe uanike tena, la sivyo utaona kinyesi cha maji banda zima). Ganda nalo linataka chokaa ya mifugo au maganda ya kombe yaliyosagwa, na huku pwani kombe hatununui, ni kuokota tu. Alafu mwanga, kware anataka masaa 14 mpaka 16, na Tanga jua linatupa 12 hivi mwaka mzima, basi washa balbu magharibi uizime saa 3 usiku. Kama hayo hayapo mlonge hautakuletea yai hata moja, utakuwa unawalisha mboga.

Haya, hesabu yangu. Kware 100 wanamaliza kama kilo 2.5 kwa siku, kwa hiyo nachanganya kilo 25 zinanitosha siku kumi. Asilimia moja ya kilo 25 ni gramu 250, ukiishika hiyo namba mengine yote rahisi.

Mlonge ndo mkubwa wao. Majani makavu yana protini ya kutosha, kama robo ya uzito wake hivi, na yana ile rangi inayokolezea kiini. Chuma asubuhi, osha, pukuchua vijiti, anika UVULINI kwenye chandarua au mkeka, usianike juani maana jua linakula vitamini na majani yanageuka njano. Siku tatu nne hivi, ukilisugua jani vidoleni likavunjika kama biskuti limeiva, likijipinda bado. Twanga, chekecha, weka kwenye kopo lenye mfuniko. Anza na gramu 250 kwa kilo 25, wakizoea panda mpaka 500, mimi siendi zaidi ya hapo. Majani yana nyuzinyuzi, ukijaza sana ndege anashiba kabla hajapata nguvu ya kutengeneza yai, na utaona mayai yanapungua wakati wewe unajua unawaongezea. Rangi ya kiini utaanza kuiona baada ya wiki moja na siku kadhaa, usivunje mayai kila asubuhi kuangalia, ni hasara.

Kiini kikiwa bado kimepauka ongeza pilipili nyekundu kavu iliyosagwa, gramu 100 kwa kilo 25. Usiwaonee huruma, ndege pilipili haimuwashi kama inavyotuwasha sisi, anaila kama pumba. Wewe ndo ufunge kitambaa puani wakati wa kuchanganya.

Manjano na saumu nawapa kidogo tu kwa ajili ya matumbo yao, gramu 125 za unga wa manjano na 125 za unga wa saumu kavu kwenye zile kilo 25. Manjano nanunua mizizi mizima, wale wanaoleta viungo kutoka Muheza na Amani wanayo, nakata nakausha nasaga mwenyewe, ule wa paketi hujui umepakwa nini. Na pilipili manga kidogo, gramu 10 hivi, inasaidia manjano yasipite tu tumboni yakatoka. Kama huna saumu kavu ponda punje mbichi mbili tatu kwenye lita moja ya maji, acha dakika kumi, chuja, wape asubuhi, mchana mwaga uweke maji safi. Kwa joto letu la kaskazi maji ya saumu yakilala yanaoza.

Kuchanganya sasa. Usimwage viungo juu ya kilo 25 ukakoroga kwa mwiko, gramu 10 zitakaa kona moja na kware wawili ndo watakula zote. Chukua kilo moja ya chakula, changanya na viungo vyote mpaka rangi iwe moja, ongeza kilo nne, changanya, ndo umwage kwenye rundo kubwa. Masika usitengeneze cha siku kumi, tengeneza cha siku tano, unyevu wa Tanga unajulikana, na chakula kikishanuka uvundo hata kidogo tupa chote. Sumu ya ukungu inaua ini la ndege na hakuna kiungo cha kuisafisha.

Vya kutogusa: majani na maganda ya parachichi ni sumu kwa ndege, kisamvu kibichi hapana, mashudu ya pamba yanachafua kiini. Mwarobaini watu wanaupenda, mimi kwa watagaji siuweki, ni mchungu wanapunguza kula, na asiyekula hatagi. Na ndege akizubaa, amevimba manyoya, anaharisha, usikimbilie tangawizi, ita mtu wa mifugo.

Alafu viungo sio "waja leo waondoka leo" kama tunavyoimbiwa watu wa Tanga. Ukianza kaa navyo wiki nne ndo uhukumu. Wagawe kware umri mmoja keji mbili, 20 huku na 20 kule, chakula kilekile, taa ileile, viungo keji moja tu, na kiungo kimoja kwa wakati, ukiweka vitano utajuaje kipi kimefanya kazi. Kila jioni andika mayai mangapi na chakula kilobaki, na mara moja kwa wiki pima mayai kumi kwa pamoja, yai zuri ni gramu 10 mpaka 12. Madoa ya ganda usiyahesabu, kila jike ana mchoro wake, hauletwi na majani. Mimi nilivyofanya hivo habasoda iliondoka kwenye orodha yangu, mayai yalikuwa yaleyale kwa keji zote mbili na bei yake mnaijua.