Kiwanja cha besiboli, kakiangalie baada ya mvua
Wazazi wenzangu mlioko huku Marekani, mtoto akitaka besiboli msikimbilie kumwandikisha, nendeni kwanza kiwanjani siku moja baada ya mvua, mkikuta madimbwi pale kwenye udongo wanapokimbilia basi tafuteni kingine maana mtoto atateleza na mechi zitaahirishwa kila mara. Kwa watoto hadi miaka 12 kutoka beisi moja (kituo mchezaji anachokimbilia) hadi nyingine ni kama mita 18, pima kwa miguu tu, hatua 24 hivi za mtu mzima. Angalia wavu mbele ya benchi la wachezaji, ule mpira ni mgumu jamani! Choo na kivuli pia, hasa ukiwa na kichanga. Little League, shirika la ligi za besiboli za watoto, wanaandikisha kwa eneo unaloishi au shule ya mtoto, kwa hiyo anza kuweka anwani yako kwenye tovuti yao.