Jinsi ya Kuwatafuta Bata Mzinga wa Mwituni Katika Ardhi Iliyoungua Karibuni

Katika misitu ya misonobari ya kusini-mashariki mwa Marekani, hasa Georgia, Florida na Alabama, wasimamizi wa ardhi huchoma nyasi na vichaka kwa makusudi, mara nyingi kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Anayetaka kuwaona bata mzinga wa mwituni huko aulize kwanza mambo mawili: moto ulipita lini, na mpaka wa eneo lililoungua uko wapi. Ndege hawa hawaihami ardhi iliyoungua. Siku chache baada ya moto kuzimika huweza kuonekana wakitembea juu ya majivu, kwa kuwa majani makavu yaliyofunika mbegu yameteketea na wadudu hawana tena pa kujificha.

Usianzie katikati. Bata mzinga hutegemea sana macho kumtambua adui, hivyo hupenda mahali peupe, lakini hapendi kuwa mbali na kichaka cha kukimbilia. Fuata ule mpaka polepole, ukipita upande usioungua, na ukague ardhi kwa makini. Kwenye majivu laini unyayo hujichora vizuri: vidole vitatu vikielekea mbele, na wa dume ni mkubwa zaidi, wenye kidole cha kati kirefu. Kinyesi cha dume huwa kirefu, kimepinda ncha mfano wa herufi J, ilhali cha jike hujiviringa kifundo. Angalia pia mahali palipochakurwa, na vishimo vya vumbi vyenye unyoya mmoja au miwili, ambamo ndege hawa huoga vumbi.

Ukipata dalili hizo, rudi siku nyingine kabla ya mapambazuko, kwa maana wao hulala juu ya miti na kushuka kunapokucha. Keti ukingoni, umeegemea mti mzima, na utulie kabisa. Usikae karibu na mti mkavu ulioungua shinani, kwani huweza kuanguka hata pasipo upepo, wala usiingie mahali ambapo visiki bado vinafuka moshi.

Kuanzia Aprili mambo hubadilika. Jike hutaga chini, kwa kawaida mayai 10 hadi 12, na huatamia kwa siku 28 hivi. Ardhi iliyoungua mwezi uliopita haina cha kumficha, kwa hiyo hutafuta mahali ambapo mimea imekwisha kurudi, mara nyingi palipoungua mwaka mmoja au miwili nyuma. Hapo nakusihi usipekue vichaka, kwa sababu jike akishtuliwa huweza kukitelekeza kiota. Vifaranga wakianguliwa, mama huwapeleka kwenye machipukizi ya moto wa karibuni, ambako wadudu ni wengi na majani bado ni mafupi kiasi cha wao kupenya. Katika wiki mbili za kwanza hulala chini pamoja naye, nawe watazame kwa darubini ukiwa mbali.

Pasipochomwa kwa miaka mingi vichaka husongamana, na bata mzinga hupatumia kwa nadra. Kwa hiyo mwombe msimamizi ramani ya uchomaji, kisha uchague mahali ambapo vipande vidogo vya miaka tofauti vimepakana, kwani hapo majike hupata maficho na malisho bila kutembea mbali.