Kabla hujasaini mkopo wa kusoma lishe

Wale mnaotaka kusoma digrii ya lishe kwa mkopo, msipigie hesabu mshahara wa mtu mwenye miaka 15 kazini, ulizeni wa anayeanza, tena ile hela inayobaki mkononi baada ya makato. Mfano deni lote likiwa sawa na mshahara wako wa mwaka wa kwanza, riba 6%, ukalipa kwa miaka 10, kila mwezi inaondoka kama 13% ya mshahara kabla ya kodi, hapo unapumua kidogo. Deni likiwa mara mbili ya mshahara inaruka mpaka karibu 27%, na hapo hujala wala hujalipa nyumba.

Halafu cheki masharti ya leseni mapema, kwa mfano Marekani tangu Januari 2024 hufanyi mtihani wa kusajiliwa kama mtaalamu wa lishe bila masters, kwa hiyo ukihesabu deni la digrii ya kwanza tu umejidanganya, bado kuna miezi ya mafunzo kwa vitendo ambayo mara nyingi hailipwi na riba wakati huo inaweza kuwa inatembea tu. Kingine, kibaneni chuo kiseme wahitimu wa juzi juzi wako wapi, hospitalini au wanauza virutubisho mtandaoni.