Kinyonga wa pembe tatu: namna ya kumtunza na dalili za kuangalia akianza kuumwa

Kinyonga anaficha ugonjwa mpaka mwisho, mana porini akionekana mnyonge tu ndege anamla, kwa hiyo siku ukimkuta amefumba macho mchana kweupe ujue hajaanza kuumwa leo, na mara nyingi kilichomfikisha hapo ni lile tundu ulilomwekea. Ndo mana naanza na tundu, dawa baadaye.

Naongelea huyu wa pembe tatu, Jackson's, kwao ni nyanda za juu, Mlima Kenya na Aberdare, na Tanzania Mlima Meru, halafu Marekani wapo wengi tangu walivyopelekwa Hawaii 1972 wakazaliana huko. Kabla ya yote, Kenya huwezi kumtoa kichakani ukaanza kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la huko, na Tanzania mnyama pori ni nyara za serikali, usijiingize kwenye kesi.

Kwao ni baridi. Mchana nyuzi 21 hadi 27, usiku zishuke hata chini ya 18, na kuna watu wanamwashia taa ya joto usiku kucha wakidhani wanamhurumia, jamani mzimie alale. Ukiwa Dar au Mombasa na chumba hakina AC atateseka tu. Tundu liwe la wavu, refu kwenda juu, kama sentimita 60 kwa 60 kwa 120, majani mengi ya kujificha, na kila mmoja akae kwake hata kama ni dume na jike.

Bakuli la maji sahau, yeye analamba matone kwenye majani, kwa hiyo nyunyiza asubuhi na jioni halafu acha pakauke katikati, mana tundu lililoloa muda wote bila hewa ndo linaleta kifua. Kila siku angalia kinyesi chake, ile sehemu nyeupe ikiwa nyeupe kweli yuko sawa, ikigeuka njano iliyokolea au rangi ya chungwa hana maji mwilini, na macho yakidumbukia ndani hapo hali imeshakuwa mbaya.

Mifupa sasa, hapa ndo wengi wanapotea. Bila mwanga wa UVB, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, mwili wake hautumii kalsiamu vizuri hata umlishe vipi, na jua la kupitia dirisha la kioo halisaidii kwa sababu kioo kinazuia huo mwanga. Balbu ya UVB inachoka ndani ya miezi 6 hadi 12 hata kama bado inawaka vizuri tu, ibadilishe. Panzi na nyenje unaompa ale, walishe sukuma wiki na karoti kwanza, kisha wapake unga wa kalsiamu kidogo usio na vitamini D3, ile yenye D3 na vitamini mara moja au mbili kwa mwezi inatosha, huyu wa milimani ukimzidishia anavimba shingo. Ukiona miguu imepinda, taya limelegea, anatetemeka au anashindwa kushika tawi, mpeleke akapigwe eksirei, mfupa uliopinda haurudi kuwa kama zamani ila ugonjwa unaweza kusimamishwa, na usimfungue mdomo kwa nguvu, taya linavunjika.

Kifua utakijua hivi: ananyanyua kichwa juu ili apate pumzi, ana ute mdomoni, unasikia sauti kama ya kupasukapasuka akipumua. Akiachama juani tu inaweza kuwa joto, msogeze kivulini umwangalie, lakini akiachama usiku au pakiwa na baridi huyo anaumwa. Naomba sana usimpe ile antibayotiki ya unga ya kuku kutoka agroveti, dozi yake inapimwa kwa gramu za uzito wake na ni daktari wa wanyama ndo apime.

Jicho moja likivimba mnyunyizie maji ya uvuguvugu laini kwa dakika kadhaa, atalizungusha mwenyewe na uchafu unaweza kutoka. Kesho yake likiwa bado limefumba, daktari. Ukienda beba kinyesi kibichi kwenye kichupa kwa ajili ya kupima minyoo, pamoja na picha ya tundu na ya boksi la balbu, mana hayo ndo maswali ya kwanza atakayokuuliza.