Madigadi ya mbele ya MGB: anza na mlango

Kwenye MGB ya wazi, gari la michezo la Uingereza lisilo na paa (1962–1980), madigadi ya nyuma yamechomelewa kwenye bodi, ya mbele yamefungwa kwa bolti. Kwa hiyo unapofunga ya mbele, kwanza mlango ukae sawa na digadi la nyuma, ambalo halisogei. Gari lisimame kwa matairi yake, maana bodi isiyo na paa hujipinda kidogo ikiwa juu ya stendi, na nafasi za mlango hubadilika. Shikiza bolti zote za digadi la mbele bila kukaza, funga boneti, kisha sogeza digadi mpaka nafasi kati yake na mlango ilingane juu hadi chini. Milimita 4 hivi inapendeza sana. Kaza kidogo kidogo, ukifungua na kufunga mlango kila mara. Rangi ije baadaye, kwani madigadi mapya mara nyingi huhitaji kusuguliwa ukingo.