Sili nzima, katoni pungufu: namna ya kulinda kontena kutoka Dar hadi Tunduma

Juzi nilikaa na mfanyabiashara wa vipuri aliyepokea kontena lake Tunduma likiwa na sili ileile (kile kifungio chenye namba kinachofungwa mara moja na hakitoki mpaka kikatwe), namba ileile, ila katoni za mlangoni hazipo. Kila aliyemlalamikia alimjibu, "Si sili nzima?" Utaratibu niliompa ndio huu.

Hatua ya 1: Mjue mwenye lori

Kichwa na tela vina namba tofauti za usajili, kwa hiyo omba kadi mbili. Piga picha leseni ya dereva, umlinganishe nayo uso kwa uso. Kisha mpigie mmiliki kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile uliyopewa na dereva au dalali wa kwenye grupu la WhatsApp. Ukiambiwa "pakia tu, karatasi zinakuja", lori liondoke tupu.

Hatua ya 2: Kontena tupu

Ingia ndani, ufungiwe milango, usubiri macho yazoee giza. Tundu lolote utaliona kwa mwanga. Pima na tepu: la futi 20 lina urefu wa ndani wa mita 5.9 hivi, la futi 40 mita 12. Ukipata pungufu, huenda kuna ukuta wa bandia.

Hatua ya 3: Mlango

Mlango wa kulia umelalia ukingo wa kushoto, kwa hiyo ndio unaotangulia kufunguka, na ndio unaofungwa sili kwenye mkono wa komeo. Mkono huo umeshikwa na ribiti (pini ya chuma iliyopondwa ncha) kwenye nondo ndefu ya wima inayofunga mlango. Mwizi anayeijua kazi haigusi sili. Anatoboa ribiti kwa drili, mkono unabaki pale na sili yake, nondo inazungushwa, mlango unafunguka. Akimaliza anaweka bolti yenye kichwa cha mviringo, anapaka rangi, na vumbi la njiani linamsaidia kuficha.

Kwa hiyo, kabla ya kupakia, shika kila ribiti kwa plaizi ujaribu kuizungusha. Ribiti nzima haizunguki. Inayozunguka, ikunjie uso na uulize. Kwaruza rangi kwa sarafu: iliyopakwa karibuni hutoka laini, tena chini yake mara nyingi utakuta chuma kinachong'aa au gundi. Fanya hivyohivyo kwenye bawaba, kwenye bati linaloshika sili, na kwenye vibano vinavyoshikilia nondo, maana hivyo navyo hufunguliwa.

Sili yenyewe iwe ya bolti, yaani pini nene ya chuma, yenye alama ya H (ulinzi wa juu) ya kiwango cha ISO 17712. Ya plastiki itakuonyesha tu kwamba mtu kapita. Ukishaifunga, ivute, izungushe, jaribu kuitoa kwa mkono. Namba aiandike mtu wa ghala, na mpokeaji aipate kabla lori halijatoka getini, pamoja na picha za karibu za kila ribiti zilizopigwa mchana.

Mimi huongeza sili ya waya wa chuma inayofunga pamoja nondo mbili za katikati, moja ya kila mlango. Hata mkono wa komeo ukitolewa, nondo bado zimeshikana. Ningekuwa na pesa ya kitu kimoja tu, ningenunua huo waya kabla ya GPS, kwa sababu GPS inaliona lori, haiuoni mlango.

Kama mzigo ni wa transiti, yaani unapita kwenda nchi nyingine, sili za forodha, pamoja na ile ya kielektroniki, haziguswi na mtu. Ukiwa na shaka, mwite afisa wa forodha, na waya wako mwonyeshe kabla hajafunga sili yake.

Hatua ya 4: Njiani

Ni zaidi ya kilomita 900. Mkubaliane mapema na dereva atalala wapi. Mlima Kitonga apande mchana, maana lori linakwenda taratibu na mtu anaweza kudandia nyuma dereva asijue.

Hatua ya 5: Karatasi za mizani

Dereva atume picha ya kila karatasi ya mizani ya barabarani: Vigwaza, Mikese, Makambako, Mpemba. Uzito ukishuka ghafla, unajua uchunguze kati ya mizani ipi na ipi. Lakini usikimbilie kumwita mwizi. Lita 100 za dizeli ni kama kilo 84, kwa hiyo kilo 300 zinaweza kuwa mafuta tu yaliyochomwa, na mizani mbili hazisomi sawasawa. Uliza kwanza alijaza wapi na lita ngapi. Ikipotea tani nzima, hayo si mafuta.

Hatua ya 6: Kupokea

Mpokeaji arudie zoezi la plaizi na sarafu kabla ya kukata sili, akilinganisha na picha. Ahesabu ndipo asaini. Upungufu uandikwe kwenye hati ya kupokelea mzigo na dereva asaini chini yake. Ya "tutamalizana baadaye" hayana ushahidi. Siku hiyohiyo chukua RB (namba ya taarifa yako) polisi na uiarifu kampuni ya bima kwa maandishi. Vipande vyote viwili vya sili iliyokatwa, na bolti yoyote uliyoitilia shaka, vitie kwenye mfuko ubaki navyo wewe, si dereva wala utingo. Mkaguzi wa bima ataviulizia.